Kuchoka kwa mimba changa mu Bukavu: punguza mizigo, usiache kutembea

Mimba ya miezi 3 ya kwanza haionekani ku tumbo lakini inakula nguvu sana, na njo wakati batu banakuangalia banasema huyu mama amekuwa muvivu, mbona analala saa nane ya muchana, mbona sahani ziko chini tangu asubui. Na ukiwa Bukavu shida inaongezeka, juu kila kitu iko ku mulima, unatoka kwako unapanda, unarudi kwako unapanda tena, sijui nani alijenga muji yenye vipando bila vishuko.

Kitu yenye nitarudilia hapa ni moja tu. Kuchoka kwa mimba changa haiponi kwa kulala siku nzima, na haiponi kwa kujikaza. Unapunguza mizigo, mwendo unaubakisha. Bamama bengi banafanya kinyume, banaacha kutembea juu ya kichefuchefu lakini bidon ya lita 20 banaendelea kuipandisha.

Hatua ya 1: Acha kujisemea uko muvivu

Tangu juma za kwanza mwili inatoa projesteroni mingi, ni homoni yenye inashikilia mimba lakini inaleta pia busingizi, unaweza kusinzia ata mu misa ya pili wakati padri hajamaliza Injili. Wakati ule ule mwili inajenga kondo ya mutoto, ile plasenta, toka sifuri. Damu nayo inaanza kuongezeka, na mupaka mwisho wa mimba inakuwa imeongezeka karibu nusu ya ile ulikuwa nayo. Moyo inapiga haraka zaidi juu ya kuisukuma, presha inashuka kidogo, njo maana ukisimama mbio kichwa inazunguka. Ongeza kutapika, ongeza kuamuka usiku kukojoa, na bado uko na batoto bengine ba kupeleka ku masomo.

Kwa bamama bengi nguvu inaanza kurudi kati ya juma ya 12 na ya 14. Kwa hiyo unapanga maisha ya juma chache, haiko miezi yote 9, na ukiijua hiyo unaomba musaada bila haya mingi.

Hatua ya 2: Ambia mutu mumoja ao babili

Hapa kwetu mimba changa haisemwi. Tunangoja ionekane yenyewe, juu ya macho ya batu, juu ya masemi, na juu mimba ikitoka unabaki kujieleza mbele ya parsele nzima. Ninaelewa, na sitakuambia uitangaze ku kanisa. Lakini angalia matokeo yake: miezi yenye unachoka zaidi njo miezi yenye hakuna mutu anajua uko na sababu ya kuchoka. Mama mukwe anakutuma mayi, korali inakungoja ku repetisyo, ku kazi banataka ripoti. Kisha ku mwezi wa 5 tumbo inatoka, nguvu yako imesharudi, na njo pale kila mutu anakimbia kusema "mama, ikala chini, leta nikusaidie". Kweli tunapanga mambo kichwa chini.

Basi chagua. Wa kwanza ni bwana yako, na usimuambie tu "niko na mimba", atafurahi, atakuita mama kijacho, kisha atalala. Umuambie pamoja na kazi: mayi ni wewe ao mutoto mukubwa, sombe itaenda ku mashine, siku ya posho mashuka utafula wewe. Kuko babwana banaona haya kubeba bidon mbele ya majirani. Abebe mbele jua itoke, haya yake ni mambo yake, sisi tunataka mayi. Na kama bwana iko mbali, ku karyere ao Kinshasa, tafuta yaya yako ao shangazi, ao jirani mwenye anajua kufunga kinywa.

Wa pili ni mutu ku fasi unafanyia kazi. Kama unafundisha, mwalimu mwenzako anaweza kuchukua darasa dakika 10 ukikimbia kutapika. Kama unauza ku Kadutu ao Nyawera, yule wa meza ya pembeni atachunga vitu yako ukienda choo.

Hatua ya 3: Enda CPN (kupimisha mimba) mbele juma 12 ziishe

Tangu 2016 OMS, shirika ya afya ya dunia, inashauri mama akutane na baganga mara 8 mu mimba, na mara ya kwanza iwe ndani ya juma 12 za kwanza. Kwetu bengi banaanza ku mwezi wa 5 ao wa 6 juu "tumbo bado". Lakini kuchoka kwako iko sasa, na vile vinaweza kuizidisha, damu kidogo, malaria, bugonjwa ya mikojo, vinaonekana na vipimo ya sasa.

Sante (kituo ya afya) ya karibu yako inatosha kwa kuanza, usingoje feza ya kwenda mbali. Uliza bakupime hemoglobini (ile inaonyesha kama damu inatosha), VIH, sifilisi na mikojo, na uliza mustikere. Mimba ikiwa na shida, sante njo itakutuma ku opitali kubwa, ku Opitali ya Jumla ya provense ao ku Panzi, ile daktari Denis Mukwege alianzisha mu 1999, na kumbuka mawazo ya kwanza ilikuwa bamama bapate fasi ya kuzalia vizuri.

Sema yote siku ile ya kwanza: kama uko SS (ile bugonjwa ya damu yenye mutu anazaliwa nayo), kama uko na bugonjwa ya moyo, pumu, sukari, kama ulishapasuliwa, kama mimba ingine zilitoka. Kwa bamama ba hivi, mambo ya mazoezi yenye nitasema ku hatua ya 7 ni paka uulize muganga kwanza.

Hatua ya 4: Damu

Nitakaa hapa kidogo juu njo fasi batu banapoteza nguvu bila kujua. Kuchoka kwa mimba ya kawaida na kuchoka kwa damu kidogo vinafanana sana ukiviangalia na macho. Damu kidogo inaongeza vitu: viganja vinakuwa vyeupe, ndani ya kope kunapauka, moyo inakupiga mbio ukipanda ata ngazi chache, kichwa inauma, pumuzi inakatika. OMS inahesabu damu ya mama mwenye mimba changa kuwa kidogo kama hemoglobini iko chini ya gramu 11 ku desilita. Uliza namba yako, uiandike ku fishi, usikubali tu "damu iko bien".

Dawa yake ya kila siku ni fere (madini ya chuma) pamoja na asidi foliki, kile kidonge bamama bengi banaweka ndani ya kabati. Kipimo ya kawaida ni fere miligramu 30 mupaka 60 na asidi foliki mikrogramu 400 kila siku. Asidi foliki inasaidia ubongo na uti wa mugongo wa mutoto, na vile vinajengwa mu juma za kwanza kabisa, kwa hiyo usiseme utaanza mwezi kesho.

Namna ya kuimeza:

- Meza na mayi yenye umekamulia ndimu ao chungwa. Vitamini C inasaidia fere iingie mu damu.
- Usimeze na chai, kahawa ao maziwa. Acha ipite saa 1 ao 2. Chai nyeusi pamoja na sahani ya maharagi iko vilevile, inazuia fere ya maharagi, kunywa baadaye.
- Kama inakutapisha, ihamishe usiku ukisha kula.
- Choo itakuwa nyeusi. Ni kawaida, usiogope, usiache dawa.
- Choo ikikauka, ongeza mayi, papayi na mboga, na umuambie muganga mbele ya kuacha kidonge.

Na ule udongo wenye banauza mu soko, wenye bamama banatafuna kichefuchefu ikikamata: huo unazuia fere ndani ya tumbo, na unaweza kuwa na mayayi ya minyoo ao vitu ingine yenye huoni. Hamu yenyewe ya udongo mara mingi ni alama ya damu kidogo. Ukiisikia inakukamata sana, enda upimwe damu, usiende kununua kingine kipande.

Maini, najua watakuambia "kula maini damu irudi". Iko na fere, lakini iko na vitamini A mingi sana, na ikizidi mu mimba changa si muzuri kwa mutoto. Nyama ya kawaida, sambaza, ndagala na maharagi pamoja na lengalenga vinatosha.

Hatua ya 5: Kula kidogo, mara mingi

Tumbo tupu inaongeza kichefuchefu na inaondoa nguvu, kwa hiyo ile mambo ya kunywa chai asubui kisha kungoja bugali ya saa kumi haifai tena. Weka biskwi ao kipande ya mukate mukavu karibu ya kitanda, kula ungali umelala, ngoja dakika 15, njo uamuke polepole. Kisha kula kitu kidogo kila masaa 2 ao 3. Mu sakosi yako kusikose kitu: ndizi, yayi ya kuchemusha, karanga, avoka. Sambaza za kukaanga ni nguvu kweli, lakini harufu yake siku zingine utaikimbia, hakuna shida, itakuja siku utaitamani.

Mayi kunywa kidogokidogo siku nzima. Tangawizi mu mayi ya moto inasaidia bengi. Maziwa chemusha kila mara. Fromage ya Masisi yenye maziwa yake haikuchemushwa, uipumuzishe mupaka utakapozala, mimi pia ninaipenda lakini mikrobe ya maziwa mabichi inaweza kutosha mimba. Kahawa usipitishe miligramu 200 ya kafeini ku siku, ni kama vikombe 2 ya kahawa ya unga ya kuyeyusha mu mayi, na kama ni ile ya Idjwi ao Kalehe umeipika nzito, kikombe 1 kiishe. Vinywaji ya "enerji" achana nayo, inakuazima nguvu ya saa moja kisha inakunyima busingizi. Pombe hapana, na kasiksi ni pombe, ata kama bibi yako anasema ni juis ya ndizi.

Hatua ya 6: Toa mizigo

Kamata karatasi, andika kazi za juma nzima, kisha ku kila moja jiulize: hii inanichokesha juu ya kutembea ao juu ya buzito? Yenye iko juu ya buzito itoke kwako ao igawanywe.

Mayi: bidon ya lita 20 ni kilo 20. Ichukuliwe na mwingine, ao uchote na bidon za lita 5, moja ku kila mukono, mara mingi. Kutwanga sombe: peleka ku mashine ao ununue yenye imeshatwangwa. Kufula: usiiname juu ya beseni chini, weka beseni ku kiti ao ku meza, ukae, ufule nguo chache kila siku kuliko mulima wa nguo siku moja. Makala: mbabula pikia inje ao mulango wazi, juu moshi na ile gazi ya makala yenye haina harufu inaleta kichwa kuuma na kuchoka, na unaweza kufikiri ni mimba. Kama unauza ku soko, bidhaa ibebwe na mwenye kubeba kwa feza, ile pesa haikupotea, na weka kijiti ao sanduku ndogo chini ya magulu ukikaa, kila nusu saa simama, zunguka meza.

Moto nazo, zile pikipiki. Siwezi kukuambia usipande, Bukavu bila moto hautafika. Lakini njia ikiwa na mashimo na matope, lipa taksi kama unaweza, na kama ni moto, umuambie motari mapema aende polepole, mupande babili tu, siyo na mutoto na gunia katikati. Hatari kubwa ni kuanguka.

Hatua ya 7: Bakisha mwendo

Sasa kwa nini nisikuambie tu ulale? Juu mama mwenye anabaki kitandani kila siku bila muganga kumulaza, misuli inalegea, choo inakauka, busingizi ya usiku inaharibika, roho inashuka, na kesho yake anaamuka amechoka zaidi. Mwendo wa polepole haitoshi mimba yenye iko muzuri. OMS mu 2020 ilisema mama mwenye mimba bila shida afanye karibu dakika 150 ya mwendo wa kadiri ku juma. Gawanya: dakika 30, siku 5. Ata dakika 10 mara 3 ku siku inahesabiwa.

Na hapa njo uzuri wa muji yetu, mazoezi haiuzwi, iko mbele ya mulango. Ila uijue namna ya kuitumia:

1. Chagua saa yako. Bengine asubui njo kichefuchefu, kwao saa kumi ya jioni ni muzuri zaidi, jua ikiwa imepungua na mbele giza iingie.
2. Vaa viatu yenye inakamata chini. Kambambili mu matope ya Kadutu wakati ya mvua, hapana.
3. Anza fasi yenye inalala kidogo, pande ya Muhumba ao Nguba karibu ya ziwa, kama haiko mbali na kwako. Kama unakaa Cimpunda ao Panzi, tembea ku njia kubwa, vichochoro uviache.
4. Ukipanda, fupisha hatua, simama mara mingi, ongea na mutu. Kama unaweza kusema maneno marefu bila pumuzi kukatika, mwendo iko sawa. Kama unajibu "ee" tu, umezidisha, simama.
5. Kushuka njo kunaangusha batu, siyo kupanda. Polepole, kamata ukuta ao mukono wa mutu.

Siku ya mvua, fanya ndani ya nyumba. Kamata kitanda, piga magoti nusu kama unataka kukaa ku kiti halafu urudi juu, mara 8 ao 10. Simama ku ncha za vidole, shuka. Piga magoti na mikono chini, kunja mugongo juu, kisha uulegeze. Na ile misuli ya chini, kaza kama unazuia mikojo, hesabu mupaka 5, legeza, mara 10 (lakini usiifanye wakati unakojoa kweli, inaweza kuharibu namna ya kukojoa).

Kucheza muziki nyumbani pia ni mazoezi, na watoto batakufuata. Ile ya kuruka, ya kupigana, mupira wa kugongana, iweke pembeni.

Kuna siku utaamuka huwezi kitu. Siku ile tembea mupaka ku mulango wa parsele urudi, imetosha, lala. Usilipize kesho yake kwa kufanya mara mbili.

Hatua ya 8: Kulala kwa mipango

Muchana dakika 20 ao 30, usipitishe saa moja kama inawezekana, juu usiku utabaki unahesabu mabati. Usiku ingia kitandani mapema kuliko zamani, ata saa mbili na nusu, telefone ibaki fasi ingine. Mayi kunywa mingi muchana, punguza kidogo masaa ya mwisho. Utasikia ukilala sana mutoto atanenepa ashindwe kutoka, hiyo haina ukweli, lala.

Mustikere kila usiku. Baridi ya Bukavu inadanganya batu. Tuko karibu metre 1.500 juu, lakini imbu ziko, malaria iko, na mama mwenye mimba inamukamata vibaya zaidi.

Hatua ya 9: Kuchoka yenye haiko ya mimba tu

Usingoje CPN ingine, enda siku ile ile kama:

- damu inatoka chini, ata kidogo yenye inarudirudia;
- tumbo inauma sana, zaidi kama ni upande mumoja, ao bega inauma pamoja na kuzimia (mimba inaweza kuwa inje ya kizazi);
- homa, baridi ya mwili, viungo kuuma;
- unatapika ata mayi, mikojo ni kidogo na rangi nzito;
- pumuzi inakatika ukiwa umekaa, ao moyo inagonga ovyo;
- mugulu moja umevimba na unauma.

Homa usiinunulie dawa ku farmasi juu jirani alipona nayo. Malaria ya mimba changa iko na dawa yake, muganga anapima kwanza.

Na kuko kuchoka ya roho. Kama juma 2 zimepita unalia ovyo, hauna hamu ya kitu, haulali ata ukiwa na nafasi, ao unawaza kujiumiza, hiyo ni bugonjwa kama zingine, isemwe ku sante vilevile. Kwa bamama yenye bamepita mu mambo mazito ya hii kanda yetu, mimba inaweza kuamusha vitu zamani, na si kosa yao.

Hatua ya 10: Nguvu ikirudi

Ukifika juma ya 13, ku CPN bataanza kukupa Fansidar ya kuzuia malaria. Mbele ya pale hautakiwi kuimeza, kwa hiyo usikamate ya dada yako. Kama unameza Bactrim juu ya VIH, bakumbushe, Fansidar haitakuwa yako.

Pale ongeza mwendo polepole, dakika 5 juma hii, 5 ingine juma kesho. Bidon ya lita 20 usiirudilie juu umesikia nguvu, wenye bameizoea baendelee nayo. Na kama juma ya 16 imefika ungali unachoka vile vile, rudi ku sante na fishi yako, uombe bapime hemoglobini tena baiweke pembeni ya ile namba ya kwanza.